Mguu Unapojivuta Wenyewe: Mwongozo Kamili wa Refleksi za Uti wa Mgongo na Namna ya Kumlinda Aliyezikosa

Ukikanyaga msumari, mguu unakuwa umeshanyanyuka kabla hujajua kilichokuchoma. Darasani tuliambiwa hiyo ni refleksi, tukachora mkono na mshumaa, tukaweka mishale, tukapata maksi na habari ikaishia hapo. Kwa mtu mwenye neva nzima inaweza kweli kuishia hapo, maana kazi inafanyika yenyewe bila kuombwa. Shida iko kwa mzee mwenye kisukari cha miaka mingi aliyetembea kutwa na kokoto ndani ya kiatu asijue. Iko pia kwa kijana aliyeanguka kutoka juu ya mnazi, ambaye mguu wake sasa unaruka ukiguswa na nyumba nzima inashangilia kwamba amepona. Watu wanaoishi na hawa wanahitaji kulielewa jambo hili zaidi ya ule mchoro wa mshumaa.

Hatua zifuatazo zimepangwa kwa makusudi. Mwenye haraka anaweza kurukia ya tano, lakini atakosa sababu, na bila kujua sababu, kazi ya kukagua miguu kila jioni huchosha mapema sana.

Hatua ya kwanza: Ufuatilie msumari kutoka wayoni hadi mgongoni

Tumchukue fundi aliyeko saiti, amevaa kandambili, anakanyaga ubao uliotolewa kwenye zege na msumari wake bado umesimama.

Ncha ikipenya ngozi inakutana na miisho ya neva ambayo kazi yake ni kugundua madhara tu: kuchomwa, kubanwa kupita kiasi, kemikali, joto kali. Miisho ya joto huanza kupeleka taarifa ngozi inapofika nyuzi 43 hivi za Selsiasi. Kipokezi chake kilitambuliwa mwaka 1997 katika maabara ya David Julius huko San Francisco, Marekani, na walikifikia kwa kutumia kapsaisini, yaani ile kemikali inayoipa pilipili ukali wake. Ndiyo maana pilipili kichaa inakuunguza mdomo ilhali haina moto wowote: inagusa kipokezi kilekile. Julius alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian.

Kutoka wayoni taarifa inapanda kwa nyuzi za aina mbili. Kuna nyuzi nyembamba zilizofunikwa na ala ya mafuta, ambazo husafirisha taarifa kwa kasi ya kati ya meta 5 na 30 kwa sekunde. Kuna nyingine nyembamba zaidi, hazina ala, na hazizidi meta 2 kwa sekunde. Toka mguuni hadi mgongoni ni kama meta moja, kwa hiyo hesabu unaweza kuipiga mwenyewe: za kwanza zinafika chini ya robo sekunde, za pili zinachukua nusu sekunde na zaidi. Umeshawahi kulijua hili bila kuambiwa. Ukijikwaa kidole gumba kwenye kizingiti, kwanza unapata mchomo mkali unaojua kabisa ulipo. Halafu, unapodhani yamepita, linakuja lile wimbi zito linalokukalisha chini umeshika mguu kwa mikono miwili. Refleksi haisubiri hilo wimbi la pili. Inaondoka na mchomo wa kwanza.

Taarifa inaingia kwenye uti wa mgongo. Ninachokisema hapa si mifupa, ni ule uzi laini wa neva uliolala ndani ya mfereji wa pingili. Kwa mtu mzima una urefu wa kama sentimeta 45, unaishia usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na unatoa jozi 31 za neva. Kila neva imeshikana na uti kwa mizizi miwili. Wa nyuma huingiza taarifa, wa mbele hutoa amri.

Hapo ndipo uamuzi unapofanyika. Uti wa mgongo ni kama balozi wa nyumba kumi: ugomvi unaamuliwa palepale mtaani, taarifa ya wilayani itaandikwa baadaye. Taarifa ya msumari inapokelewa na seli za kati, nazo zinaisambaza juu na chini kwenye pingili kadhaa za uti kwa mpigo, kwa sababu mguu hautoki kwa msuli mmoja. Paja linakunjwa nyongani, goti linakunjwa, kifundo kinainuka. Na wakati misuli ya nyuma ya paja inapewa amri ya kukaza, ile ya mbele, yenye kazi ya kunyoosha goti, inapewa amri ya kulegea. Zote mbili zikikaza, mguu unabaki ulipo juu ya msumari.

Kuna jambo moja ambalo mchoro wa mshumaa haukuonyesha, na kwangu ndilo linaloshangaza kuliko yote. Fundi wetu ana miguu miwili. Mmoja ukitoka ghafla, uzito wote unaangukia wa pili. Kwa hiyo taarifa ileile inavuka upande wa pili wa uti na kuuamuru mguu usiochomwa ukaze na unyooke. Ndiyo maana hakuanguka. Yote haya, toka ncha kupenya hadi misuli kuanza kukaza, yanachukua kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kilio cha "mama yangu!" kinakuja mguu ukiwa umeshafika hewani.

Aliyeuchambua mpangilio huu kwa kina ni Charles Sherrington, Mwingereza aliyefanya kazi Liverpool na baadaye Oxford. Alionyesha kwamba mnyama ambaye uti wake umetenganishwa na ubongo bado anavuta mguu ukichomwa. Alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1932 na Edgar Adrian. Ukumbuke ugunduzi huo wa mnyama asiye na mawasiliano na ubongo, tutauhitaji kwenye hatua ya saba.

Tena, mwelekeo wa kukimbia unategemea umechomwa wapi. Wayo ukichomwa, mguu unakunjwa. Tako likichomwa, nyonga inanyooka na mwili unasukumwa mbele, mbali na ncha. Muuguzi anayekuambia "legeza mguu, weka uzito upande wa pili" kabla ya sindano ya takoni anapambana na refleksi hiyo, si na woga wako peke yake.

Hatua ya pili: Jaribu refleksi ya goti, si ya maumivu

Usimchome mtu pini ili uone kama atajivuta. Unaweza kumuumiza bure, na kwa mwenye ganzi unaweza kumwachia kidonda. Iliyo salama kuijaribu nyumbani ni ya goti. Hiyo haianzishwi na maumivu, inaanzishwa na msuli kuvutwa ghafla, ila inapita kwenye uti wa mgongo huohuo. Wajerumani wawili, Wilhelm Erb na Carl Westphal, waliieleza mwaka 1875, kila mmoja kivyake.

Mkalishe mtu juu ya meza imara au kitanda kirefu, miguu ining'inie bila kugusa sakafu. Kigoda hakifai. Papasa chini kidogo ya pia ya goti mpaka upate sehemu inayobonyea kati ya pia na mfupa wa muundi. Hapo ndipo kano ilipo. Mwache akusimulie jambo lolote, macho yake yasiwe mkononi mwako. Kisha gonga mara moja kwa ukingo wa kiganja, upande wa kidole cha mwisho, kwa kuuachia mkono udondoke. Si lazima liwe pigo la nguvu. Likiwa la nguvu mtu anakaza na jaribio linaharibika. Angalia paja kabla ya kuangalia mguu. Msuli wa mbele wa paja utauona ukiruka hata kama unyayo umesogea kidogo sana.

Hakuna kitu? Mwambie anase vidole vya mkono wa kulia kwenye vya kushoto na avute kwa nguvu kana kwamba anataka kuvitenganisha, nawe ugonge hapohapo anapovuta. Mbinu hii ni ya Ernő Jendrassik, daktari wa Hungary wa karne ya 19, na bado inatumika wodini mpaka leo.

Refleksi hii ni ya haraka kuliko ya msumari. Msuli huanza kujibu ndani ya milisekunde 20 hadi 30, kwa sababu nyuzi zake ni nene, zinakimbia hadi meta 120 kwa sekunde, na ndani ya uti zinaungana moja kwa moja na seli ya neva inayouamuru msuli, bila kupitia seli za kati.

Usihukumu kwa ukubwa wa mruko. Wapo watu wazima wa afya ambao goti lao halionyeshi chochote, na wapo ambao mguu unaruka kama wanapiga penalti. Kinachohitaji daktari ni tofauti kati ya kulia na kushoto, au goti linaloruka kupita kiasi kwa mtu ambaye mguu huo pia ni dhaifu au mgumu, au refleksi iliyokuwepo na sasa haipo. Kwa wenye kisukari, ya kifundo cha mguu, inayopimwa kwa kugonga kano ya kisigino, mara nyingi hutoweka mapema, lakini hiyo mwachie mtaalamu.

Hatua ya tatu: Ujue pale refleksi inapokuacha

Mwangalie mama anayepika chapati kando ya barabara. Kikaango kinatoa moshi, naye anaizungusha chapati kwa ncha za vidole, anaibana pembeni, anaigeuza, anaongea na mteja. Wewe ukijaribu, mkono unarudi wenyewe. Vidole vyake vinagusa kwa muda mfupi mno na ngozi imekomaa, lakini kuna la zaidi: ubongo wake unajua kinachokuja na umeshautumia uti amri ya kuinyamazisha refleksi. Amri hiyo ya kutoka juu ndiyo inayokuwezesha kuvumilia sindano, na ndiyo inayokuwezesha kulishikilia sufuria la chai inayochemka ukijua mtoto amesimama miguuni pako. Humwachii. Unaungua.

Basi kabla ya kuepua chochote jikoni, ujue kwanza utakitua wapi, na njia iwe wazi. Kinga yako unaweza kuizima mwenyewe kwa sekunde chache tu za kusitasita.

Umeme nao haujali refleksi. Ukiugusa kwa kiganja, mkondo unaikaza misuli moja kwa moja, na kwa kuwa misuli ya kukunja vidole ina nguvu kuliko ya kukunjua, mkono unaung'ang'ania waya. Miliampea 10 hadi 16 zinatosha kumfanya mtu ashindwe kuachia. Ukimkuta mtu amenaswa na umeme wa nyumbani, usimshike. Zima swichi kuu. Kama haifikiki, simama juu ya kitu kikavu kisichopitisha umeme na umsukume kwa mti mkavu au kiti cha plastiki. Waya wa nguzo ukiwa umeanguka chini, kaa mbali kabisa na uwapigie shirika la umeme. Mti mkavu haukusaidii hapo.

Halafu kuna madhara ya polepole, na haya ndiyo yanayojaza wodi za vidonda. Kiatu kinachobana, mkunjo wa shuka chini ya mgongo, sehemu moja ya mwili inayobeba uzito kwa saa nyingi. Mtu mzima wa afya hujigeuza usiku bila kuamka na huhamisha uzito kiti kikimchosha, kwa sababu usumbufu mdogo unamsukuma. Ukiondoa huo usumbufu, hakuna anayemwambia ajigeuze.

Hatua ya nne: Mguu umeshatoka, sasa fanya haya

Refleksi hupunguza jeraha, haifuti. Kama ni moto au maji ya moto, weka sehemu iliyoungua chini ya maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, kwa dakika 20. Dakika 20 ni nyingi kuliko unavyofikiri, tumia saa. Hata kama saa moja au mbili zimepita tangu kuungua, bado inafaa. Mtoto mdogo mfunike sehemu nyingine za mwili asipate baridi. Vua pete na bangili kabla hapajavimba. Usipake dawa ya meno, ute wa yai, unga, mafuta ya taa wala barafu, na malengelenge usiyapasue. Uso, mikono, sehemu za siri, kuungua kwa umeme, au eneo linalozidi kiganja cha aliyeungua ni safari ya hospitali.

Kama ni msumari au mwiba, osha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni. Kutu si sumu yenyewe. Hatari ni bakteria wa pepopunda wanaoishi kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, na tundu jembamba la msumari ndilo wanalolipenda. Kidonda kikiwa kimeingia ndani sana au ni kichafu, na chanjo yako ya mwisho ya pepopunda imepita miaka 5, au hukumbuki kama uliwahi kuchanjwa, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Pepopunda inastahili maneno mawili zaidi, maana ni ugonjwa unaoshambulia mpangilio uleule tuliouona kwenye hatua ya kwanza. Sumu yake inapanda kwenye neva hadi ndani ya uti na kuzizuia zile seli za kati zinazoamuru misuli ilegee. Msuli wa kukunja na wa kunyoosha vinakaza pamoja. Taya linafunga, mgongo unapinda, na mlango ukibamizwa tu mwili mzima unakakamaa. Ndiyo maana mgonjwa huwekwa kwenye chumba tulivu chenye mwanga hafifu. Kwa kawaida dalili hutokea kati ya siku 3 na 21 baada ya jeraha, wakati kidonda chenyewe watu wameshakisahau.

Hatua ya tano: Pima kama ganzi imeingia

Refleksi ya kujivuta inahitaji kwanza miguu ihisi. Kliniki hupima kwa uzi maalumu wa nailoni unaopinda ukisukumwa kwa uzito wa gramu 10. Nyumbani kuna njia isiyohitaji kifaa chochote, iliyobuniwa na madaktari wa Ipswich, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2011.

Mgonjwa alale au akae ameinua miguu, viatu na soksi zimevuliwa. Muulize kwanza mguu upi ni wa kulia na upi wa kushoto, mkubaliane. Afumbe macho. Mwambie kila akihisi umemgusa aseme "kulia" au "kushoto". Sasa kwa ncha ya kidole chako cha shahada gusa ncha ya kidole gumba cha mguu wa kulia kwa sekunde moja au mbili, wepesi kama unyoya. Kisha kidole cha mwisho cha mguu huohuo. Hamia kushoto: gumba, kisha cha mwisho. Malizia na kidole cha kati cha kulia, halafu cha kati cha kushoto. Jumla vidole 6.

Usibonyeze, usigongegonge, wala usirudie kidole ambacho hakukihisi. Hapo ndipo ndugu wengi wanapoharibu kipimo. Baba hajasema kitu, mtoto anaona huruma, anagusa tena kwa nguvu zaidi, baba anasema "kulia", wote wanafurahi. Hilo jibu la pili halihesabiwi. Asipohisi vidole viwili au zaidi kati ya sita, miguu yake imepoteza kinga na inabidi mfike kliniki, hata kama haina kidonda. Kwa mwenye kisukari, kipimo cha miguu kifanywe na mtaalamu angalau mara moja kwa mwaka bila kusubiri dalili.

Hatua ya sita: Macho na mikono vifanye kazi ya refleksi

Kwa karne nyingi watu waliamini kwamba ukoma wenyewe unakula vidole. Paul Brand, daktari wa upasuaji Mwingereza aliyezaliwa India, alianza kazi Vellore mwaka 1946 na akaona jambo jingine: bakteria wanaua neva, na vilivyobaki vinafanywa na maisha ya kila siku. Mgonjwa anashika sufuria la moto asivute mkono. Anatembea na kidonda bila kuchechemea. Wapo waliokuwa wanaamka asubuhi kidole kimepungua, na walipofuatilia usiku wakakuta ni panya. Dawa ikawa kila mgonjwa afuge paka. Ukoma unatibika kwa vidonge, na vinatolewa bure. Ganzi iliyokwisha kuingia ndiyo inayobaki, na inadai utaratibu uleule unaodaiwa na kisukari.

Chagua saa moja isiyobadilika. Anayeswali ana nafasi tano kwa siku tayari, maana anapotawadha anaosha miguu. Aongeze tu kuitazama. Wengine wafanye jioni, kwenye mwanga wa kutosha. Angalia juu ya mguu, kati ya vidole, kisigino, na wayo kwa kioo kidogo kilichowekwa sakafuni. Unatafuta wekundu usioondoka, lengelenge, mpasuko, unyevu mweupe kati ya vidole. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo pitisha mgongo wa mkono: sehemu yenye joto kuliko mguu mwingine inakuambia kitu kinaendelea chini. Mwenye macho hafifu akaguliwe na mwingine. Kausha vizuri kati ya vidole na upake mafuta kwenye wayo, ila si kati ya vidole.

Viatu vikung'utwe kila kabla ya kuvaa, kisha mkono upite ndani. Kokoto, kizibo cha soda, msumari uliochomoza kutoka kwenye soli, vyote vimeshapatikana humo. Kandambili hazifai: kamba yake inasugua kati ya vidole na unyayo unabaki wazi kwa kila kitu. Kiatu kiwe kimefunika vidole, hakibani, na kinunuliwe jioni miguu ikiwa imevimba kidogo kama inavyovimba kila siku. Peku ni marufuku, hata ndani, hata ufukweni, na hasa kwenye mchanga au saruji ya saa saba mchana.

Maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko, au na mtu asiye na ganzi. Kuota moto jikoni na kuweka chupa ya maji moto kitandani viachwe. Sugu isikatwe kwa wembe. Na mwenye kisukari asiloweke miguu kwenye maji ya moto yenye chumvi, ushauri ambao kila jirani anao na ambao umeshaunguza watu wengi.

Kidonda kwenye mguu wenye ganzi hakiumi, na hapo ndipo kilipo hatari. Kisipimwe kwa maumivu. Kikiwepo leo, kliniki ni leo au kesho, na mguu usikanyagiwe.

Hatua ya saba: Aliyeumia mgongo, mguu ukiruka si kupona

Uti ukikatika au kubanwa vibaya, mwanzoni sehemu yote iliyo chini ya jeraha hunyamaza. Miguu inakuwa legelege na goti likigongwa halijibu. Hali hii huchukua siku, au wiki kadhaa. Kisha refleksi zinarudi, na zinarudi kali kuliko zamani kwa sababu amri za kuzituliza kutoka kwenye ubongo hazifiki tena. Mama anamfunika mwanawe shuka, miguu inajikunja kwa nguvu. Anaguswa wayo, goti linapanda juu. Nyumba inalia kwa furaha.

Mwambieni ukweli mapema, kwa upole. Ni yule mnyama wa Sherrington. Uti ulio chini ya jeraha unajibu wenyewe, na mgonjwa anaweza kuwa hajahisi chochote. Nina hasira na watu wanaopita na mafuta au maombi ya kulipia wakitumia mruko huo kama ushahidi. Ishara ya kweli ni nyingine: bila kumgusa, mwambie asogeze kidole gumba cha mguu, aache, asogeze tena. Au afumbe macho na ataje unapomgusa. Daktari ataangalia pia hisia na mkazo wa njia ya haja kubwa, kwa kuwa neva za huko zinatoka kwenye ncha ya mwisho kabisa ya uti.

Refleksi hizo hata hivyo bado zina faida. Miguu ikianza kukakamaa ghafla kuliko kawaida yake, kuna kitu kinachomuumiza asichokihisi: kibofu kimejaa, mkojo una maambukizi, choo kigumu, kidonda cha mgandamizo, ukucha ulioingia nyamani. Kitafuteni hicho kabla ya kuomba dawa ya kulegeza misuli. Kitandani ageuzwe kila saa mbili, na kwenye kiti cha magurudumu anyanyue makalio au aegemee pembeni kila dakika 15 hadi 30.

Kuna dharura moja ambayo familia ya aliyeumia usawa wa kifua cha juu au shingo inapaswa kuijua kwa moyo. Jeraha likiwa kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake, kichocheo kimoja kutoka chini kinaweza kuamsha refleksi ya mishipa ya damu isiyotulia, na shinikizo la damu likapanda kwa kasi ya kuua. Anaumwa kichwa cha kupasuka, uso unaiva na kutoka jasho, ilhali miguu ni baridi. Msimlaze. Mkalisheni wima, miguu ishuke. Legezeni mkanda, nguo na viatu. Angalieni mrija wa mkojo kama umejikunja au umeziba, au mtoeni mkojo kama hana mrija. Kichwa kisipotulia kwa dakika chache, ni hospitali mara moja.

Na kwa sababu si kila zamu ya usiku itakuwa na mtu aliyewahi kuiona hali hii, iandikeni kwenye karatasi ngumu na mgonjwa aibebe: usawa wa jeraha, shinikizo lake la kawaida la damu, na sentensi moja, "Nikiumwa kichwa ghafla, nikalisheni wima na mkague kibofu kwanza."